Hongereni Walimu wa Mukono

Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, kule Mukono, kilizaliwa mwaka 1997 kutokana na chuo cha theolojia cha Askofu Tucker, kilichokuwapo tangu 1913. Leo kinatoa shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii, na kwa hilo kinastahili pongezi.

Mwanafunzi pale husoma Agano la Kale na Agano Jipya, kisha huenda fildi. Huko ndiko imani inakopimwa. Kumwombea mtoto aliyepigwa ni jema, ila ofisa wa ustawi wa jamii anapaswa pia kujua kumsikiliza bila kumtia maneno kinywani, kuandika taarifa itakayosimama mahakamani, na kunyamaza akirudi kanisani. (Tusidanganyane, siri za watu huvuja hata kwenye maombi.) Tena mwenye shida anaweza kuwa Mwislamu, au asiwe na dini kabisa; naye anastahili huduma ileile, bila kuhubiriwa.

Kazi hii ina machozi mengi kuliko mshahara. Walimu mnaoifundisha kama wito, hongereni. Nanyi waajiri, wapokeeni vijana hawa, na muwalipe vizuri.