Tafsiri au Tarjumi? Tahakiki ya Istilahi za Uundaji wa Protini

Katika kueleza namna seli inavyounda protini, waandishi wetu wamerithi sitiari mbili kutoka kwa wanabiolojia wa Ulaya na Marekani: unukuzi na tafsiri. Ya kwanza haina kasoro kubwa. RNA mjumbe hunakiliwa kutoka katika DNA kwa herufi zilezile, ila T huiachia U nafasi yake. Mithili ya mnukuzi wa utenzi wa kale abadilishaye tahajia ya herufi moja tu. Lugha haibadiliki.

Ya pili ndiyo yenye utata. Kwa Waswahili, tafsiri ni kuhamisha maneno toka lugha hii hadi nyingine. Tena ni kufafanua maana iliyofichika, kama wafanyavyo wanazuoni wa Kurani. Hivyo msomaji aweza kudhani kwamba ribosomu huuelewa ujumbe na kuufafanua. Sivyo. Katika msimbo wa kawaida mna kodoni 64: 61 huwakilisha asidi amino 20, na 3 huamuru kukoma. Hapana nafasi ya ufafanuzi.

Ushahidi mzito zaidi ni jaribio lililochapishwa mwaka 1962 na François Chapeville na wenzake. Waliitwaa sisteini iliyokwisha kufungwa kwenye RNA chukuzi yake, wakaigeuza kwa kemikali ikawa alanini. Ribosomu iliipokea alanini hiyo na kuipanga mahali pa sisteini. Yaani, ribosomu hulinganisha herufi za kodoni na za RNA chukuzi. Mzigo wenyewe haiukagui. Ajuaye lugha zote mbili ni kimeng'enya kifungacho kila asidi amino kwenye RNA chukuzi iliyo yake, kabla ribosomu haijafikiwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, hatua hii iitwe tarjumi, neno lisilobeba dhana ya ufafanuzi. Pili, cheo cha mkalimani kipewe kimeng'enya hicho, nayo ribosomu ilinganishwe na mpanga herufi wa matbaa.

Huenda ikajibiwa kwamba tafsiri imekwisha zoeleka. Mazoea ni hoja ya haki katika uundaji wa istilahi. Lakini hayatoshi kulitetea neno linalomwonyesha mwanafunzi mahali pasipo ndipo maana inapoamuliwa. Hapo mwanaisimu na mwanabiolojia hawana budi kuketi pamoja.