Alama ya kijani haijafika Walikale

Mtu akitengeneza saiti anaipima na PageSpeed Insights ya Google. Ikitoa 90, rangi ya kijani, anapiga makofi. Kipimo si kibaya, lakini wengi wanakisoma nusu. Upande wa simu kinachukulia rezo ya megabiti 1.6 kwa sekunde: ukurasa wa megabaiti 2 unashuka kwa sekunde 10 hivi. Mwenzetu wa Masisi ao Walikale akiwa na 2G ya kilobiti 100, ukurasa ule ule ni sekunde 160. Rezo ikikatika anaanza upya, mega zimeliwa, tangazo la kazi limemupita.

Basi punguzeni picha, toeni video inayojicheza yenyewe. Kisha mupime tena ndani ya Chrome, muweke kilobiti 100. Hapo ndipo tutajua kama saiti ni ya wote ao ya Goma tu.