Mkono Usiotetereka

Tomas Haake, mpiga dramu wa Meshuggah, bendi iliyozaliwa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, mwaka 1987, ana mkono mmoja ninaousikiliza kuliko mwimbaji yeyote ninayempenda. Ni mkono wa tuazi. Magitaa yanakatakata, miguu inakimbia upande wake, mwimbaji anafoka, nao mkono ule unagonga palepale: moja, mbili, tatu, nne. Wengi wanaosikia bendi hii kwa mara ya kwanza huondoka wakidhani wamesikia vurugu. Hawajausikia mkono.

Chukua wimbo wao wa mwaka 1998, “New Millennium Cyanide Christ”, uliomo katika albamu ya Chaosphere. Mikono ya Haake imeshika kipimo cha mapigo manne, kile kile cha dansi na cha nyimbo nyingi za kanisani. Gawa kila pigo mara nne, utapata vipande 16 katika kila kipimo. Sasa sikiliza gitaa. Rifu yake, yaani kile kifungu kinachorudiwarudiwa, ina urefu wa vipande 23, na miguu ya Haake inaifuata hatua kwa hatua juu ya ngoma kubwa. Inapokwisha kwa mara ya kwanza, mikono imeshaingia kipimo cha pili na bado haijafika nusu yake. Rifu inaanza tena hapo hapo, mahali ambapo mwili haukutarajia mwanzo wowote. Inarudiwa mara tano, vipande 115, kisha inakatwa na kubakizwa 13 tu. Jumla ni 128, yaani vipimo vinane kamili vya mapigo manne. Mikono na miguu ya mtu yule yule, iliyokuwa imeachana muda wote huo, inatua pamoja. Mimi nauona huu kuwa ufundi mkubwa kuliko kasi, na inanisikitisha kwamba wapiga dramu wa metali husifiwa kwa kasi kwanza.

Muziki huu unawekwa katika fungu la metali ya progresivu. Katika fungu hilo hilo wamo Dream Theater, ambao wimbo wao usio na maneno wa mwaka 1999, “The Dance of Eternity”, unabadilisha kipimo zaidi ya mara 100 ndani ya dakika sita na ushei. Mpiga dramu wao, Mike Portnoy, anaupiga kwa kumbukumbu ya ajabu: kila mara ardhi inahama, naye anahama nayo. Wamo Tool pia, na mpiga dramu wao Danny Carey, ambaye katika kiitikio cha “Lateralus” cha mwaka 2001 anapita kwenye kipimo cha tisa, kisha nane, kisha saba. Portnoy na Carey wanahamisha ardhi, Haake haihamishi hata kidogo. Hizi ni kazi zinazopingana, zinadai mazoezi tofauti na usikivu tofauti, lakini lebo moja imezifunika zote. Baadaye likaja jina la djent, linaloiga kwa mdomo mlio wa nyuzi nene za gitaa zinazozibwa kwa kiganja. Jina hilo lilienea, vijana wakaanzisha bendi chini yake, na wengi wao wakachukua mlio wa gitaa wakauacha mkono wa tuazi. Siwalaumu wauza muziki kwa kupanga bidhaa zao. Nasikitika pale mwanafunzi anapoianza kazi kwa jina, akanunua gitaa la nyuzi nane kabla hajajua pigo la kwanza liko wapi.

Pigo la kwanza hupatikana kwa sikio. Nota zipo, na wasomi wameuchambua muziki huu kwa kina, lakini karatasi inakuonyesha 23 na 16 kwa pamoja na kukutisha. Sikio linakuanzisha na kimoja. Shika tuazi kwa kidole juu ya goti, usifanye kingine chochote, hadi kidole kiende chenyewe. Kisha imba rifu kwa mdomo, ta-ka-ta, bila kuhesabu, kama mtu anayekariri utenzi. Carey alijifunza tabla, ngoma za India ambazo mwanafunzi hutamka mapigo kwa silabi kabla ya kuyapiga, na nadhani hapo ana jambo la kutufundisha sote. Mtu aliyewahi kucheza ngoma harusini pia ana mtaji: miguu yake tayari inajua kushika mwendo mmoja wakati ngoma zinasema mwendo mwingine juu yake.

Miguu ya Haake yenyewe haikupewa bure. Mwaka 2005, katika Catch Thirtythree, dramu zilipangwa kwa kompyuta. Ni albamu nzuri, lakini mimi hurudi kwenye obZen ya mwaka 2008 kwa sababu ya “Bleed”. Humo miguu inapiga mawili ya haraka sana na mawili ya nusu ya kasi hiyo, kundi linalojaza vipande vitatu, likirudi na kurudi juu ya mikono inayohesabu vinne, huku likivunjwa kila unapodhani umelizoea. Linaenda hivyo sehemu kubwa ya dakika saba na zaidi. Haake amesimulia kwamba ilibidi atafute namna mpya kabisa ya kutumia pedali mbili, na kwamba wimbo huo peke yake ulimgharimu jitihada kama nyimbo nyingine zote za albamu. Sikiliza jinsi tuazi lilivyotulia juu ya kazi hiyo yote.

Anayeanza asianzie hapo. Aanze na “Rational Gaze”, kutoka albamu ya Nothing ya mwaka 2002. Snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, inaanguka kwenye pigo la tatu la kila kipimo, wazi kabisa, na magitaa yanazunguka kwa urefu wao wenyewe hadi vipimo 16 vipite, pande zote zikutane baada ya pigo la 64. Azime taa akitaka, aache ala kando, agonge manne kwa kidole na kuimba gitaa kwa mdomo. Siku atakayofika 64 bila kidole kuyumba, ndipo akae kwenye dramu.