Mkutubi na Msimu wa Korosho

Kuanzia Oktoba, Chiungutwa, wilayani Masasi, inakuwa na kazi moja tu. Korosho zinaokotwa, magunia yanapelekwa ghala la chama cha msingi, na kila mwenye shamba anasubiri bei ya mnada. Anayeitisha kikao cha usomaji saa nne asubuhi wakati huo atabaki na viti vyake. Lakini akisogea jioni hadi karibu na ghala, mkononi ana nakala ya stakabadhi ya mauzo, na akauliza nani angependa isomwe mstari kwa mstari, makato yote yaelezwe, watu watakaa. Kuijua saa ya kuwaendea watu, na jambo la kuanza nalo, ni ufundi kamili wa ukutubi, na unastahili kufundishwa kwa heshima ileile inayotolewa kwa upangaji wa rafu na uorodheshaji.

Rafu zina wenyewe. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na wakutubi wasaidizi wengi wamepitia chuo cha ukutubi cha SLADS kule Bagamoyo. Kazi hiyo ni ya lazima. Kitabu kisichoonekana kilipo hakimfai mtu. Ila mkutubi anayepangiwa wilayani anakutana na jambo jingine: mlango uko wazi, na watu wanapita.

Tanzania imewahi kufundisha ufundi wa kuwaita wapita njia, tena kwa wingi wa kushangaza. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya majadiliano. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki. Kiongozi hakuwa daktari wala mhadhiri. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kipindi kinasikilizwa, kijitabu kinasomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma naye apate, kisha kuuliza: hapa kwetu ugonjwa huu unatoka wapi, na sisi tutafanya nini? Majibu yalionekana kwa macho. Vichaka vilifyekwa, madimbwi yakafukiwa, vyoo vikachimbwa. Kampeni hiyo haikuitwa maktaba, lakini ilifanya kile ambacho kila maktaba ya umma inatamani kufanya, na iliwezekana kwa sababu watu wa kawaida walifundishwa kuuliza na kunyamaza wakasikiliza.

Majirani nao wana ya kuonyesha. Huko Garissa, kuanzia 1996, huduma za maktaba za Kenya zilipakia vitabu juu ya ngamia na kuwafuata wafugaji walikohamia. Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, maktaba ya jamii iliyoanzishwa 1999 iliwapa wanafunzi kazi ya ukutubi na kuwalipia ada, hivyo vijana wa pale pale wakaujifunza utumishi huo wakiutenda.

Masasi yenyewe haianzi na mikono mitupu. Wamisionari Waanglikana wa UMCA chini ya Askofu Steere walifika 1876, na shule zikafuata. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926, alikataa kulipiga marufuku jando. Yeye na mapadri Waafrika walilipa sura ya Kikristo. Uamuzi huo unaweza kubishaniwa hadi leo, lakini ulianzia kwenye mkusanyiko ambao watu tayari waliuthamini. Vivyo hivyo kwa wasichana: makungwi wa unyago wanajua kumfunza mtu kwa wimbo, kwa mfano na kwa kurudia mpaka akolee. Mkutubi anayepanga programu ya wasichana bila kwenda kwao kwanza anajinyima walimu bora kabisa wa eneo lake.

Ndiyo maana semina ya ukumbini, yenye slaidi na cheti mwishoni, haitoshi. Mafunzo ya ufundi wa kuwaendea watu yafanyike kazini: mkutubi aendeshe kikao kimoja kijijini, mwenzake kutoka wilaya nyingine akae nyuma akiandika nani alizungumza, nani aliondoka na wakati gani. Kesho yake wakae wawili wayapitie, na baada ya miezi mitatu yule mwenzake arudi kuona kilichobadilika. Gharama yake ni, tuseme, nauli ya basi kutoka Newala hadi Masasi kwa safari hizo mbili, posho ya siku chache na daftari, na halmashauri inaweza kuiweka kwenye bajeti ya mwaka huu.