Juu ya Kufasiri "More", "Another" na "Extra"

Tangu kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1939, iliyoanzwa na Frederick Johnson, hadi ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996, wafasiri wetu wamepata msaada mkubwa. Lakini kamusi ya lugha mbili, hata iwe njema kiasi gani, hulazimika kuweka neno mbele ya neno. Na katika maneno madogo ya nyongeza, desturi hiyo hupoteza maana. Mfasiri huishika kanuni kwamba "more" ni zaidi, "another" ni -ingine, "extra" ni ziada, kisha hatazami tena.

Yafaa tuanze na Kiingereza chenyewe. "Another" ni "an" na "other" yaliyoungana, na kwa hiyo hutangulia kitu kimoja: "another cup". Panapo wingi, au kitu kisichohesabika, husemwa "more": "more cups", "more water". Husemwa pia "another ten days", kwa kuwa siku kumi zimetazamwa kama muda mmoja. Hesabu hutangulia "more": "two more cups". Wanafunzi wetu wasemao "more two cups" pengine hufuata mpango wa vikombe vingine viwili.

Hapo ndipo penye shida. "Two more tablets" ni hesabu inayoendelea. "Two other tablets" ni vidonge tofauti na vile vya kwanza. Kiswahili chaweza kusema vidonge vingine viwili kwa maana zote mbili, na mgonjwa asijue kama atarudia dawa ileile au atabadili. Mfasiri akikimbilia zaidi, na aangalie: vidonge viwili zaidi ni nyongeza ya viwili, bali vidonge zaidi ya viwili ni vitatu au kupita. Silabi moja, ya, yatosha kumdhuru mtu.

"Extra" nalo si "more". "More work" ni wingi wa kazi tu. "Extra work" ni kazi ipitayo ile iliyopatanwa, nayo yaweza kudaiwa ujira wake. Mkataba ukiandika kazi zaidi mahali pa kazi ya ziada, haki ya mfanyakazi imefifizwa. Wala ziada haifai kila mahali: "extra chair", kikiwa kimewekwa kungoja mgeni, ni kiti cha akiba.

Kosa la msingi, kwa maoni yetu, ni kutafuta kivumishi kwa kila kivumishi. Nyongeza katika Kiswahili hukaa vema katika kitendo. Aombaye "some more tea" husema, "Niongezee chai". Wala haombi chai nyingine, isije ikadhaniwa ameikataa ile ya kwanza. Vivyo hivyo, "Take two more tablets" ifasiriwe, "Ongeza vidonge viwili vya dawa ileile." Kamusi zijazo hazina budi kuonyesha sentensi kama hizi, si neno peke yake.