Jino la Tatu

Wengi huisifu Mauser ya mwaka 1898 kwa shabaha. Mimi naisifu kwa jino dogo la chuma lililo nyuma ya komeo lake, ambalo mambo yakienda sawa halifanyi kazi yoyote.

Komeo ndilo moyo wa bunduki hii. Unainua mpini, unavuta, unasukuma, unaushusha. Risasi imeingia na mlango umefungwa. Meno mawili ya mbele ndiyo yanayobeba mshindo wote wa baruti. La tatu linasubiri siku yale mawili yatakapovunjika. Paul Mauser, fundi wa Oberndorf huko Ujerumani, hakuishia hapo. Alijua ganda la risasi huweza kupasuka, na gesi yake ya moto ikirudi nyuma hukuta uso wa mtu. Basi akatoboa vitundu kwenye komeo ili gesi itokee kando, na nyuma akaweka ukingo mpana wa kuikinga isimfikie mpigaji. Akaongeza ukucha mrefu unaoidaka risasi mara itokapo magazini na kutoiachia, hata bunduki ikipinduliwa juu chini.

Wamarekani waliuiga ufundi huo kwa Springfield yao ya mwaka 1903, mpaka wakalazimika kumlipa Mauser fidia ya dola 200,000. Umbo walilipata, chuma kikawaponyoka. Mafundi wao walipima joto la tanuru kwa jicho, kwa kutazama rangi ya chuma. Siku ya jua kali chuma kilichoiva kilionekana bado, wakakiacha kiungue. Baadhi ya bunduki hizo zilipasuka vipande mikononi mwa wenyewe, na ilipofika 1918 namna ya kuchoma chuma ikabadilishwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki, vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui pa kulenga. Mwaka uliofuata meli ya Wajerumani iitwayo Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na Waingereza na kuzama nusu. Shehena yake ya bunduki mpya iliopolewa, na risasi zilizolowa zikafunguliwa ili baruti ianikwe. Nani alikufa kwa bunduki zile, wapagazi na wanakijiji wangapi waliteketea katika vita visivyokuwa vyao, hilo lina insha yake, tena chungu kuliko hii.

Lee-Enfield ya Waingereza ilifyatua upesi zaidi, na ilibeba risasi 10 dhidi ya 5. Ningekuwa nahesabu risasi kwa dakika, ningeichagua hiyo. Lakini kwa kumlinda aliyeishika, Mauser ya 1898 iliizidi, na bunduki nyingi za kuwindia wanyama wakubwa zinaundwa kwa komeo la namna yake hadi leo.