Msomaji wa Turiani Mezani kwa Mhariri

Kitabu cha hadithi kinachofika shule ya msingi huko Turiani kimepita mikono mingi, lakini jalada humtaja mwandishi peke yake, na mchoraji akibahatika. Mhariri hatajwi. Kwa upande mmoja ni sawa, maana uhariri mzuri haujitangazi; lakini desturi hiyo imewafanya wengi waamini kwamba mhariri ni mtu wa kurekebisha nukta na herufi mwandishi akishamaliza kazi yenyewe. Dai langu ni kwamba mhariri humsemea msomaji mbele ya mwandishi wakati msomaji hayupo, na kwamba kazi hiyo ni sehemu ya utunzi, wala si usafi wa baada ya utunzi. Nikiulizwa ushahidi, nitamtaja Elieshi Lema.

Lema ameandika riwaya mbili, Parched Earth iliyotoka mwaka 2001 na In the Belly of Dar es Salaam ya mwaka 2011, pamoja na vitabu vya watoto kwa Kiswahili, Safari ya Prospa kikiwa kimojawapo. Yeye na Demere Kitunga ndio waliounda kampuni ya uchapishaji ya E&D, wakaipa herufi za mwanzo za majina yao. Mwaka 1991 serikali ilianza kuwafungulia wachapishaji binafsi mlango wa vitabu vya shule, na mwaka huohuo ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto. Utaratibu wa mradi ulikuwa rahisi na wa busara: mswada ukikubaliwa, mchapishaji anachapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, zinazobaki anauza mwenyewe. Kwa hesabu hiyo mchapishaji mdogo aliweza kuthubutu kuchapa hadithi. Lakini hesabu hiyo pia ilibadili sura ya msomaji. Hakuwa tena mteja anayesimama mbele ya rafu akichagua. Alikuwa mtoto aliyekabidhiwa kitabu na mwalimu, pengine kitabu chake cha kwanza kisicho cha somo. Mtoto wa namna hiyo hana pa kulalamikia. Kikimchosha, atakifunga, na hakuna atakayejua.

Sasa mfikirie mtoto huyo akiwa Turiani, chini ya milima ya Nguru. Nyumbani huenda husikia Kinguu au Kizigua, au lugha nyingine kabisa iliyofika na wazazi waliofuata kazi ya miwa Mtibwa, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na jirani. Tuseme mswada unaletwa ukiwa na sentensi hii ya kubuni: "Mtoto yule ambaye alikuwa ameketi kando ya mto aliweza kutambua kwamba kina cha maji kilikuwa kinaongezeka." Kisarufi haina kosa, na msahihishaji ataipitisha. Mhariri ataisimamisha. Atauliza ni mto gani, na mtoto alitambua kwa kuona nini. Mwandishi akibanwa hivyo atarudi na kitu kama hiki: "Alipoinua macho, maji ya Diwale yalishafika kwenye mawe ya kufulia." Maneno yamepungua, hatari imeongezeka, na mtoto aliyewahi kutumwa mtoni hahitaji kuelezwa zaidi. Sentensi ya pili ni ya nani? Ni ya mwandishi, bila shaka. Ila isingekuwapo bila swali, na kujua swali la kuuliza ndio ufundi wenyewe.

Kuna watakaosema uhariri umewahi kuwa rungu, na wana haki. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili cha Afrika Mashariki ilipitisha na kukataa miswada ya vitabu vya shule kwa kipimo cha usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja, na wenye lugha kutoka Mombasa au Lamu wakajikuta wakisahihishwa Kiswahili chao. Lakini kamati ile ilimwakilisha nani? Iliwakilisha kanuni na watawala walioihitaji. Kasoro yake haikuwa kwamba iliingilia maandishi ya watu. Iliingilia kwa niaba ya ofisi, na msomaji akasahaulika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: riwaya mbili katika miaka kumi, je, kazi ya uchapishaji haikumla mwandishi? Toni Morrison alikuwa mhariri wa Random House hadi mwaka 1983, akasimamia vitabu vya Angela Davis na Gayl Jones, na katika miaka hiyohiyo akatoa Sula na Song of Solomon. Mfano huo unathibitisha tu kwamba inawezekana. Hauthibitishi kwamba ni bure. Morrison alikuwa na kampuni nzima nyuma yake, ilhali mwenye kampuni ndogo Dar es Salaam huhariri, hutafuta karatasi na hudai madeni. Naamini kuna kurasa za Lema tulizozikosa. Hata hivyo, kurasa zilizopo zina alama ya meza ya mhariri: msimulizi wa Parched Earth, Doreen, ni mwalimu wa shule ya msingi, na Lema anamwacha atufikirishe ndoa na mapenzi bila kugeuza riwaya kuwa hotuba. Mtu aliyezoea kuuliza kama msomaji bado yuko naye hajiruhusu kuhubiri.

Linalobaki gumu ni lugha. Riwaya zake za watu wazima aliziandika kwa Kiingereza, ilhali watoto aliwaandikia Kiswahili, kwa hiyo mtoto wa Turiani aliyemsoma angali mdogo anaweza kumpoteza akikua. Sitamtetea katika hilo zaidi ya kusema kwamba soko la riwaya ya Kiswahili halijawahi kumlipa mtu vizuri. Hali ya vitabu vya shule nayo iligeuka tena katika miaka ya 2010, Taasisi ya Elimu Tanzania iliporudishiwa uchapishaji wa vitabu vya kiada, na wachapishaji binafsi wakapoteza biashara iliyokuwa ikibeba hadithi zao. Kampuni ikibanwa hivyo, mshahara wa mhariri ndio unaoonekana rahisi kukatwa, kwa sababu mashine itachapa kitabu hata kama hakuna aliyekihariri. Na vitabu vya namna hiyo vipo tayari madukani, na sentensi zake nyingi hazina kosa la sarufi.